Vikombe Bafuni kwa Ma Velma

Ma Velma hauzi hali ya hewa, lakini ukikaa kwenye benchi lake asubuhi utadhani ndiyo biashara yake. Anakaanga mandazi, anayapasua na kuyajaza samaki wa chumvi, na kila anayenunua lazima aseme neno juu ya mawingu. Hapa kisiwani Dominika, mwezi wa sita ukiingia na msimu wa vimbunga, salamu zinasubiri. Tunaanza na upepo.

Nyumba yake ni ya mbao kama zetu, ila bafu ni la zege, kuta mpaka dari. Alilijenga mwenyewe baada ya kimbunga kuondoka na paa lake pamoja na kabati la nguo. Alibeba mchanga wa mtoni kichwani huku wanaume wakimuuliza anajenga kaburi la nani. Wanaume hao hao ndio wanaojibana humo upepo ukichafuka. Yeye hajawahi kuwakumbusha maneno yao. Mimi huwakumbusha.

Utaratibu wake ni mwepesi. Siku ya kwanza ya mwezi wa sita unaleta kikombe chako, unakitundika kwenye msumari mle bafuni, na nafasi ni yako mpaka msimu uishe. Misumari ikijaa, bafu limejaa. Mwaka huu misumari miwili ilibaki mitupu: wa Pa Hesketh, na wa mkewe Rosalind, tuliyemzika kabla ya Pasaka.

Pa Hesketh ndiye bingwa wetu wa kutabiri mabaya. Redio ikisema dhoruba kumi, yeye anasema ishirini, na anagombana na atakayepunguza hata moja. Lakini asubuhi ile alipokea mandazi yake akakaa, wala hakutazama juu.

"Pa Hesketh, umeona parachichi zilivyozaa?" nikamchokoza. "Matawi yanavunjika. Si wewe unayesema zikizaa hivyo kimbunga kiko njiani?"

"Mwaka huu hakuna kitu."

"Hakuna kitu? Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Nimesema hakuna. Na kikija, nina nyumba yangu."

Nyumba yake tunaijua. Ukipiga chafya sebuleni, bati linaitikia. Niliogopa kweli. Mzee alikuwa anatuaga huku akijifanya anaongelea hewa.

Anicia, binti aliyehamia mtaani kwetu juzi juzi, alikuwa amesimama na mtoto mgongoni na kikombe mkononi. "Ma Velma," akasema taratibu, "kama Pa haitaki ile nafasi..."

"Ina mwenyewe," Ma Velma alijibu, akageuza mandazi.

Pa Hesketh akainuka aondoke. Ma Velma akaweka mwiko chini.

"Hesketh, subiri. Ile siku mlango wa bafu ulipotaka kung'oka, nani aliuegemea na mimi mpaka kukakucha?"

"Rosa."

"Rosa alikuwa amelala fofofo kwenye beseni. Ulikuwa wewe. Sasa nijibu: kikija kingine nitauegemea na nani? Na huyu?" Akaninyooshea kidole. "Huyu ana mdomo tu."

Sikukasirika, maana ni kweli.

"Utapata mtu," mzee akasema.

"Sitafuti mtu, nakutaka wewe. Sitakuja kukufukua kwenye mbao zako, nizike wawili mwaka mmoja. Sina nguvu hiyo. Kalete kikombe."

Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia Ma Velma akikiri kuwa hana nguvu ya jambo lolote. Nadhani hata Pa Hesketh hakuwahi. Alimtazama kidogo, akaondoka, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Tulikaa pale tukisingizia kutafuna. Hatimaye akarudi na kikombe cha bati kilichobonyea, akatupita kama hatuoni, akaingia bafuni. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu. Akamkuta Anicia bado amesimama.

"Unangoja nini? Kuna msumari umebaki."

"Ule ni wa Ma Rosalind, Pa."

"Najua ni wa nani. Tundika chako hapo."

"Mtoto analia sana usiku."

"Na alie," Pa Hesketh akasema. "Rosa alizoea kelele za usiku. Aliishi na mimi."