Televisheni ya Nkambo Mwishoni mwa Waya

Nilipofika nyumbani Lubumbashi mwezi uliopita, vijana wa chuma chakavu walikuwa wameshakata nusu ya remorke yetu. Cheche zilikuwa zinaruka mpaka kwenye matembele ya mama, na harufu ya rangi iliyoungua ilijaa kiwanja kizima. Baba mwenyewe ndiye aliyeiuza, anataka nafasi ya kujenga nyumba ya matofali. Nilimwambia amefanya vizuri. Kisha nikaona waya mweusi unaning'inia kwenye ukuta wa bati uliokuwa bado umesimama, ule wa chumba cha Nkambo, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Labda wewe hujawahi kuishi ndani ya remorke, kwa hiyo ngoja nikueleze. Ni trela ndefu ya bati ambamo makampuni ya migodi huwalaza wafanyakazi wao porini. Baba alikuwa dereva wa migodi upande wa Kinsevere, na kampuni moja ilipofunga kambi yake, akaipata ile trela. Lori liliivuta mpaka kwetu, magurudumu yakatolewa, na hapo ikakaa. Mwezi wa kumi tulikuwa tunaiva humo ndani. Mwezi wa sita baridi ilitutoa nje alfajiri kwenda kuota mbabula, mikono juu ya makaa, huku mama akikoroga uji. Vyumba vilikuwa vimepangwa mstari mmoja. Mbele walikaa baba na mama, wakifuatiwa na kaka zangu, halafu mwalimu mmoja mpangaji aliyekuwa akipika kapenta, vile vidagaa vya kukausha, kila siku Mungu aliyoumba. Mwisho kabisa kilikuwa chumba cha bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Nkambo. Mimi nililala naye.

Nkambo alitoka Mitwaba na miguu mizima, lakini mimi nilimfahamu akiwa na miguu iliyovimba isiyomfikisha hata mlangoni. Dunia yake yote ilikuwa kitanda, rozari, ndoo yake yenye mfuniko, na televisheni kubwa yenye kisogo iliyokaa juu ya sanduku.

Dekoda ilikuwa moja tu, chumbani kwa baba. Kutoka hapo baba alivuta waya mpaka kila chumba, na kwa kuwa dekoda ni moja, televisheni zote zilionyesha kitu kimoja. Baba akibadilisha chaneli, sote tumebadilishiwa. Mama akitaka tamthilia yake, mwalimu naye ataangalia tamthilia, atake asitake. Mara nyingine padri alikatwa katikati ya mahubiri, pakatokea watu wanakimbizana na mpira, na Nkambo akagonga ukuta wa bati kwa fimbo yake. Bati lilivuma mpaka mbele, na baba akarudisha Misa haraka. Hiyo fimbo ndiyo ilikuwa telekomande yake.

Majirani walipoona, wakaanza kuja. Alianza mama mshonaji wa uzio wa kulia, waya wake umeviringishwa kwapani. "Papa, munisaidieko na mie kidogo tu." Akafuata mzee mstaafu wa reli, akaja pia muuza makala, ndiyo makaa kwetu, na wengine nyuma yao. Baba hakujua kukataa, na kusema kweli hata mama hakujua. Kwetu mtu akija asubuhi kuomba kaa la moto la kuwashia mbabula yake, unampa, na moto wako haupungui kitu. Baba aliamini picha nayo iko hivyohivyo. Aliwaunganisha popote waya ulipokuwa karibu na nyumba zao, akafunga kwa utepe mweusi, akafurahi. Jioni ukipita mtaani ulikuwa unasikia wimbo uleule kutoka nyumba hadi nyumba, hukosi hata neno moja. Nilidhani sisi ni watu wakubwa sana.

Lakini picha haikuwa makaa. Kila nyumba iliyoongezwa ilichukua kidogo, na Nkambo alikuwa mwisho wa waya. Kwanza rangi zilimwondokea. Baadaye nyuso zikawa mbilimbili, halafu zikaingia chembechembe kama unga wa mahindi uliopeperuka. Nilimwambia baba, akapanda juu ya bati, akageuza antena huku na huku, akapiga kelele: "Inaonekana?" Mimi mlangoni nikamuuliza Nkambo, "Inaonekana?" Nkambo akasikiliza zile hatua za mwanawe juu ya kichwa chake, kwenye jua lile, akasema, "Umuambie inaonekana. Ashuke, ataanguka."

Hivyo tulikuwa tukiishi ilipokuja habari ya baba mdogo. Alikuwa kitinda mimba wa Nkambo, amesoma seminari miaka mingi huko Kinshasa, na sasa alikuwa anafanywa padri. Misa ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye chaneli ya Kanisa. Ndege haikuwa ya watu kama sisi, na hata ingekuwa, miguu ile ingepandaje? Nkambo hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, amwone mwanawe siku hiyo. Wiki nzima alikuwa akinituma nipanguse kioo cha televisheni, nami nilikipangusa vizuri kabisa, kana kwamba ubaya wa picha ulikuwa vumbi.

Siku ilipofika, akina mama wa parokia walijaza chumba cha mbele mpaka ngazini, na vitenge vyao vipya. Waliokosa nafasi walikuwa kwa mshonaji, kwa mzee wa reli, kila mahali palipofika waya wetu. Baba akaja kumbeba Nkambo ampeleke mbele. Nkambo akashika chuma cha kitanda. "Unibebe kama mufuko wa makala mbele ya bantu? Na ndoo yangu nani atabeba? Apana. Nitaangalia hapa."

Misa ikaanza, na kwenye kioo chetu hapakuwa na mtu. Palikuwa na unga tu unaotembea, na sauti ikija na kupotea. Nilikimbia kumwita baba. Alikuja, akaangalia, akatoka. Nikamfuata nyuma ya remorke, nikamkuta amesimama mbele ya lile fungu la waya, koleo mkononi. Alishika waya wa mshonaji, ndani kwake akina mama wakapiga vigelegele, akauachia. Akashika wa mzee wa reli, akauachia. Jina la baba mdogo lilikuwa linaitwa kwenye nyumba zote kwa pamoja. Sijawahi kumwona baba hivyo tena, na sitaki.

Fimbo ikagonga. Tukarudi. "Wacha, mwanangu," Nkambo alimwambia. "Sasa utakata nani? Bote pale banaangalia mutoto wetu. Wende mbele, bageni beko peke yao."

Baba akaenda. Nkambo akanisogeza kitandani, akanishika mkono akauweka juu ya kioo. Kilikuwa cha moto na kilinichoma vidogovidogo kwenye vidole. Litania ya watakatifu ilipoanza kusikika kwa mbali akasema, "Ona, mutoto iko analala chini mbele ya altare. Kichwa iko huku, miguu ile kule." Nikatazama kule. Baadaye pakawa kimya. Hakuna wimbo, hakuna neno, na nyumba zote zikanyamaza, hata vitoto. Mimi nilifikiri umeme umekatika. Nkambo akafumba macho, akasema polepole, "Sasa njo askofu na mapadri banamuwekea mikono." Akainua mkono wake mwenyewe, akauweka kwenye kichwa changu, na haukutoka hapo mpaka wimbo uliporudi.

Baba mdogo alitumwa moja kwa moja nchi za mbali. Nkambo alifariki masika yaliyofuata, na mwanawe alipopata ruhusa ya kuja alikuta kaburi lina majani.

Huo mwezi uliopita naye alikuwapo, padri mwenye mvi sasa. Siku hizi kila mtu ana simu yake, anaangalia chake peke yake, picha safi kabisa, na mtaa hauna wimbo mmoja. Mshonaji alishahama, mzee wa reli alishakufa. Baba mdogo akausogelea ule waya, akaushika kwa vidole viwili.

"Njo hii iliingia mu chumba ya mama?"

"Ndiyo, njo hii," nikamjibu.

"Basi njo hii ilimuonyesha mie." Akaomba koleo, akate kipande aondoke nacho.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Ndiye aliyeenda kulileta koleo. Baba mdogo akakata, akaviringisha kile kipande, akakitia mfuko wa shati upande wa moyo, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa chumbani siku ile: "Aliona muzuri?"

"Alinionyesha yote," nikasema.