Feni Aliyoitaja Baba

Mwanangu, iko Jumapili moja ya ujana wangu ambayo sijaweza kuisamehe. Watu nimewasamehe, au niseme nimejaribu. Siku yenyewe bado. Keti nikusimulie, maana yaliyompata baba yangu yanaweza kumpata yeyote, na hasira ikikaa kimya tumboni haimfundishi mtu.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Kabati. Baba yangu, Mutua, alikuwa daktari wa mifugo, na watu wa Tseikuru walimjua kwa mlio wa pikipiki yake kabla hawajamwona. Ilikuwa pikipiki kubwa, ya injini inayopozwa kwa maji kama gari. Aliinunua ikiwa kuukuu kwa sababu barabara za kule ni mchanga na mbuzi wa kuchanjwa wako mbali. Kisha kiharusi kikamwangusha. Alirudi kutoka hospitali mkono na mguu wa kulia imelala, na ulimi mzito kama jiwe. Lakini akili, mwanangu, akili haikuguswa. Ukimtazama machoni ulimwona yumo ndani, mzima, anakungoja.

Tabu ni kwamba wengi hawakumtazama machoni.

Ndugu yake mdogo, Musyoki, ndiye aliyejitwika kazi ya kutusaidia. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti ya upole, hodari wa kuomba hadharani. Siku moja aliichukua pikipiki aende nayo sokoni, akairudisha akiisukuma, maji yamechemka na kumwagika. Akatuambia injini imeungua. Jumapili hiyo ninayokusimulia, baada ya ibada, akaja na mtu wa kuinunua kama chuma chakavu.

Tulikaa uani. Baba alikuwa kwenye kiti chake katikati yetu, na mazungumzo yakapita juu ya kichwa chake kana kwamba ni nguzo ya nyumba.

"Shemeji," Musyoki akamwambia mama, "hii kitu imekufa. Tuiondoe ikiwa bado iko na mnunuzi."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na mwenyewe je?"

"Mgonjwa haulizwi uji," Musyoki akajibu.

Angalia jinsi mtu anavyoweza kuiba hata methali! Wahenga walisema hivyo ili mgonjwa apewe uji bila kuhojiwa. Hawakusema ili anyang'anywe bakuli.

Baba akaanza kuhangaika. "Fe," akasema. "Fe... fe..." Mate yakamtoka. Mkono wa kushoto ukainuka, kidole kikawa kinazunguka hewani.

"Mnasikia?" Musyoki akamgeukia mnunuzi. "Hata yeye anasema imefeli." Akaushika ule mkono, akaurudisha mapajani mwa Baba na kuukalisha hapo, kama unavyomtuliza mtoto anayesumbua kanisani. Kisha akaendelea, "Kaka alikuwa mtu wa bidii sana. Alikuwa anaipenda hii pikipiki..."

Susu, mama mzaa baba, alikuwa pembeni akipepeta ndengu. Aliweka ungo chini.

"Alikuwa?" akauliza. "Musyoki, ni nani amekufa hapa?"

"Mama, ni kusema tu."

"Huyu nilimzaa mimi, na hakuna aliyeniita nije kumlilia. Toa mkono wako juu ya mkono wake." Kisha akatugeukia sisi wote. "Na nyinyi mmekaa mnaangalia mdomo wa anayejua kuongea. Huyu naye anaongea, na hakuna anayemwangalia. Mtu akikuambia ng'ombe wako amekufa, muulize ngozi iko wapi. Nani kati yenu ameifungua hiyo pikipiki akaona imekufa?"

Mnunuzi akaaga kwa adabu. Musyoki naye akaondoka, akisema atarudi naye tukishatulia.

Nilikwenda kwenye pikipiki, nikawa nagusa kitu kimoja baada ya kingine huku nikimtazama Baba. Tangi, akatikisa kichwa. Plagi, akatikisa kichwa. Nilipogusa feni ndogo iliyo nyuma ya rejeta ya kupozea maji ya injini, ile inayovuta upepo pikipiki ikienda polepole, Baba akafumba macho, machozi yakamshuka. "Fe... ni," akasema.

Tuliitengeneza hapo hapo nyumbani, mimi na yeye, mkono wake wa kushoto ukiwa ndio mwalimu. Alinionyesha nichomoe waya za feni na kuziunga moja kwa moja kwenye betri. Feni haikutikisika hata kidogo. Basi kilichokufa kilikuwa hicho kidude tu! Injini ilikuwa ikichemka kwa kukosa upepo. Nikafungua bolti zake, nikaitoa taratibu nisije nikakunja vile vibati vyembamba vya rejeta.

Mjini Kabati sikupata feni ya kufanana nayo. Ilinibidi nifike hadi mji wa Wote, kwa muuzaji wa vipuri vilivyotolewa kwenye pikipiki za ajali, ndipo nikapata iliyokaa sawa kwenye matundu ya bolti. Waya zake zilikuwa tofauti, nikaziunga kwa mkono na kuzifunga utepe vizuri. Tulipoijaribu ikazunguka, nami nikafurahi mapema. Baba akatikisa kichwa. Akanifanya niisogeze pikipiki karibu na kiti chake, akaniashiria nimpe unyoya wa kuku uliokuwa chini, akaushika mbele ya rejeta. Unyoya ukapeperuka kumjia usoni. Nilikuwa nimechanganya waya, na feni ikawa inazunguka kinyume, inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Nikazibadilisha. Safari hii unyoya ukanaswa kwenye rejeta na kukaa pale. Baba akacheka kwa nusu ya uso wake. Tangu augue hatukuwa tumemsikia akicheka.

Musyoki aliporudi na mnunuzi wake, nilikuwa nimeshajaza maji na pikipiki inanguruma uani, juani, imesimama. Wote tukaitazama sindano ya joto ikipanda. Ilipofika juu, feni ikajiwasha yenyewe, na sindano ikaanza kurudi chini.

"Mungu ni mwema," Musyoki akasema hatimaye. Kisha akamgeukia mama. "Sasa shemeji, hata bei itakuwa nzuri."

Mwanangu, nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni. Hata baada ya hayo yote, bado alikuwa anazungumza na mama.

"Baba mdogo," nikamwambia, "mwenye pikipiki ameketi pale. Muulize yeye."

"Mwende," akaniita kwa jina langu, "usinikosee heshima."

"Sikukosei. Nakuomba umuulize."

Musyoki alimtazama Susu, Susu akamtazama yeye. Ndipo akachuchumaa mbele ya kiti, macho kwa macho na ndugu yake, kwa mara ya kwanza tangu Baba atoke hospitali.

"Kaka," akasema, "unauza?"

Tukangoja. Hakuna aliyemsaidia Baba kwa neno. Midomo yake ilihangaika, shingo ikakaza, jasho likamtoka.

"Si... u... zi," akasema.

Mnunuzi akaenda zake. Musyoki hakuomba msamaha siku ile wala siku nyingine. Na baadaye jamaa wakaniita, wakaniambia nimemwaibisha mkubwa wangu mbele ya mgeni, niende nikamwombe radhi ili pawe na amani. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza Baba aliaibishwa na nani. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Sikwenda.

Nilijifunza kuiendesha pikipiki ile, nikawa napeleka dawa za mifugo kwa wateja wa Baba. Yeye naye akapata nguvu ya kutembea kwa fimbo, maneno yakamrudia moja moja, na aliishi miaka mingi. Pikipiki aliiuza mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, siku aliyotaka.

Basi nakuusia, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usikubali kitu chenu kiitwe maiti na mtu ambaye hajakifungua, awe mpole namna gani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akiugua, akizeeka, akipotewa na sauti, bado mali yake ni yake na neno lake ni lake. Chuchumaa, muulize, kisha ungoje jibu hata likichelewa. Na ukiona wengine wanamsemea aliye hai, usinyamaze kwa ajili ya heshima. Heshima inayomlinda mwenye nguvu peke yake ni woga uliovaa nguo za Jumapili.

Mungu akupe miaka mingi na mikono yenye kazi. Na siku uzee utakapokukalisha kwenye kiti, akuzungushie watu watakaokuuliza wataka nini kabla hawajakuamulia. Amina.