Niliyemsomea Thuo Kuta

Kwa miaka kumi na minne nimeshika ngazi ya Hezekiah Thuo, na kama kuna mtu Nairobi anayezijua soli za viatu vyake kunizidi, basi ni mke wake, aitwaye Wangu, na hata yeye sina hakika. Kazi yetu ni kufuta. Watu wakichora ukutani, wakibandika matangazo ya waganga, wakiandika matusi kwenye geti la mtu, tunaitwa sisi na ndoo zetu, brashi za waya, tina ya kuyeyusha rangi na mashine ya kurusha maji kwa presha. Tunafuta, kesho wanachora tena. Mama fua angalau huziona nguo kwenye kamba akajua leo amefanya kitu. Sisi tukimaliza kazi vizuri, hakuna kinachoonekana.

Thuo ana miaka sitini na mmoja. Anatoka Mutuini, kwenye kishamba alichoachiwa na mama yake, chenye nduma upande wa chini na ng'ombe wawili wanaokula kuliko wanavyokamuliwa. Kwa ajili ya bega, mkono wake wa kushoto haupandi tena juu ya sikio, kwa hiyo husugua kwa mkono wa kulia tu, na ukifika saa saba mchana unamsikia akipumua kama mtu anayepanda mlima na gunia. Tina imempasua viganja hadi kanisani huwasalimu watu kwa kifundo cha mkono. Watu wageni hudhani ni madharau. Mimi nilishachoka kuwaeleza.

Thuo hajui kusoma. Baba yake alifariki Thuo akiwa darasa la pili, akatolewa shule akachunge, na hakurudi. Anajua namba, anajua kuandika jina lake, basi. Lakini ana sheria moja ambayo imetuponza mara nyingi: hagusi ukuta kabla hajaambiwa unasema nini. Hushusha ndoo, husimama mbali kidogo, kisha huniuliza, "Musili, hii ukuta inasema nini?" Mimi nikasoma. Ikiwa ni jina la marehemu, hafuti mpaka ajue wenyewe wamekubali. Ikiwa ni tangazo la ardhi, hafuti mpaka aongee na aliyeandika. Mengine yote, hata uandike nini kuhusu mama wa nani, anaosha.

Nilikuwa nikimtania kuhusu hilo. "Baba Kui," nilimwambia, kwa jina la bintiye, "sisi ni wa kuosha ama ni mahakama?" Kule kwao ameona mashamba yakiliwa mchana kweupe, na aliwahi kuniambia kwamba mtu akiandika haiuzwi kwenye ukuta wake, ujue huyo mtu hapati usingizi.

Sitasema sheria yake ilikuwa ya kijinga. Mwaka ule vijana walipoandamana mjini, mwenye duka la vitambaa aitwaye Abdulrauf alituita tusafishe ukuta wake. Nikamsomea Thuo: Zedekiah, lala salama. Thuo akavua glavu. Akamwendea Abdulrauf, akamuuliza kama anamjua huyo kijana. Abdulrauf hakumjua. Alisimama pale akizungusha tasbihi yake, mwishowe akasema, "Basi iacheni mpaka arobaini yake ipite. Huenda mamake akapita hapa." Tukarudi nyumbani bila kufanya kazi. Mimi nilinuna hadi jioni, lakini moyoni nilijua nimefanya kazi na mtu.

Kwa hiyo uelewe. Uaminifu wote wa Thuo ulisimama juu ya kitu kimoja, kwamba nikimwambia ukuta unasema hivi, basi unasema hivyo. Macho yalikuwa yangu. Na siku tulipoitwa mtaa wa Loresho niliyatumia vibaya.

Ilikuwa kazi ya nne siku hiyo. Tulikuwa tumetoka kusafisha kuta za vyoo vya jengo fulani, sijatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, na mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Ngong. Aliyetuita aliitwa Norman, kijana mtanashati mwenye viatu visivyojua matope. Alikuwa na ufunguo wa geti na maneno matamu.

"Wazee wangu," alisema, "hapa ni majirani wenye wivu wameandika upuzi. Nyumba ni ya familia, tunataka tu ikae safi."

Ukuta ulikuwa wa mawe, mrefu, na herufi nyekundu zilikuwa na urefu wa mkono wangu. NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARINI NA MATAPELI. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Nilisoma yote kwa mpigo mmoja.

Thuo alishusha ndoo. "Musili, hii ukuta inasema nini?"

Nilijua kitakachofuata nikimwambia kweli. Angevua glavu. Angetaka ile namba ipigwe. Norman angekasirika, mvua ingetukuta barabarani, na tungefika nyumbani tumelowa mikono mitupu. Magoti yaliniuma. Tumbo liliniuma. Nikasema, "Matusi tu, Baba Kui. Twende kazi."

Akaniangalia kidogo, akapanda ngazi. Rangi nyekundu kwenye jiwe ni balaa, inaingia kwenye vitundu kama chumvi kwenye nyama. Alisugua kwa muda wa saa tatu kwa ule mkono mmoja, mvua ikamkuta juu, akakataa kushuka kabla herufi ya mwisho haijaondoka. Alitaka kazi iwe safi. Mimi nilishika ngazi, na kila rangi iliposhuka na maji ikapita kwenye viatu vyangu, nilijiambia kwamba mwenye nyumba, kama yupo, atajua kujitetea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya wiki tatu.

Tulikuwa Hurlingham, nyuma ya maduka, mama mmoja alipotokea akitembea polepole na mkoba ameukumbatia kifuani. Aliiangalia ndoo yetu, ambayo ina namba ya simu ya Thuo iliyochorwa ubavuni, akaifananisha na karatasi aliyokuwa nayo. Mlinzi wa jirani yake alikuwa ameinakili siku ile, na asubuhi mama alikuwa amepiga akauliza tunafanya kazi wapi. Mama aliitwa Syokimau, nesi mstaafu.

"Ni nyinyi mlifuta ukuta yangu Loresho?"

"Loresho tuliosha, mama," Thuo alisema. "Kulikuwa na matusi."

"Matusi?" Sauti yake haikupanda. Alikuwa amechoka mno hata kwa hasira. "Nilikuwa Makueni nauguza dada yangu. Kabla niende niliandika mwenyewe, na mkono yangu. Nyumba hii haiuzwi. Jana nimerudi nimepata mtu ndani ya kiwanja na watu wa kupima. Anasema ameuziwa. Anasema alipita hapo akaona ukuta ni safi, hakuna mtu analalamika."

Thuo hakumwangalia mama. Aliniangalia mimi. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke inimeze kama dakika ile. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana. Alifuta mikono kwenye overoli, pole pole, kidole kwa kidole.

"Ni makosa yangu, mama," alisema. "Unataka nifanye nini?"

Mama alitaka kitu kimoja: Thuo aende naye polisi aseme ukuta ulikuwa umeandikwa, na nani alimtuma aufute. Bila hilo lilikuwa neno lake dhidi ya karatasi za mauzo za Norman. Norman mwenyewe simu yake ilikuwa haipatikani tena.

Jumatatu tulikutana kituoni, sisi watatu kwenye benchi moja. Tangu Hurlingham Thuo alikuwa hajaniambia zaidi ya leta maji na shika hapa. Aliitwa mezani, nami nikasimama nyuma yake. Afisa alikuwa mwanamke mwenye haraka, faili zimemzidi kimo. Akauliza jina, akauliza siku, akauliza Norman anafanana vipi. Kisha akauliza, "Hayo maandishi, ulisoma kabla ya kufuta?"

"Nilisoma," Thuo alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Afisa akaandika, akamsogezea karatasi. "Soma, ukiridhika utie sahihi."

Thuo aliishika karatasi kwa muda, akiitazama jinsi anavyozitazama kuta. Kisha akanipa bila kugeuka. "Nisomee. Miwani nimewacha nyumbani." Thuo hana miwani.

Nikasoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba yeye Hezekiah Thuo aliyasoma maandishi hayo, akayaelewa, akayafuta kwa hiari yake. Hata mimi nisiye wakili niliona kwamba mtu akitia sahihi hapo amejifunga kamba moja na Norman. Ningeweza kuruka mstari mmoja. Ningeweza kusoma kingine kabisa, na mzee angetia sahihi. Alikuwa amenipa karatasi hiyo hata baada ya niliyomtendea, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuipokea.

"Afisa," nikasema, "andika upya. Huyu mzee hajui kusoma. Mimi ndiye nilisoma. Aliniuliza, nikamwambia ni matusi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu inayofanana na sababu. "Nilikuwa nimechoka," nikasema. "Na mvua ilikuwa inakuja."

Afisa alituambia tunampotezea muda, akachana karatasi, akaanza nyingine kwa jina langu. Mama Syokimau alikuwa amesikia kila kitu kutoka kwenye benchi. Nilipogeuka alikuwa akinitazama, bila chuki, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Hiyo nyumba nilijenga na mshahara wa zamu ya usiku," alisema. "Miaka ishirini na sita. Hakuna siku nilimpea mgonjwa dawa isiyo yake kwa sababu nimechoka."

Nikarudi mezani kungoja karatasi yangu, nikatia sahihi.

Nje, tukitafuta njia ya kuvuka barabara, nilimuuliza Thuo kwa nini alisema alisoma. Alinijibu tulipofika ng'ambo.

"Ningesema nini, Musili? Niwaambie watu miaka kumi na nne nimekuwa nikisomewa uongo?"

"Ilikuwa mara moja tu, Baba Kui. Haki ya Mungu."

"Mimi nitajuaje?" aliuliza.

Ilikuwa kweli tupu. Kuta zote tulizofuta, kuanzia mjini hadi Loresho, zilikuwa zimeingiwa na shaka, na hakuna hata moja angeweza kurudi kuisoma.

Mauzo yalisimamishwa kwa maelezo yetu. Kesi bado inavutwa, lakini mama yuko ndani ya nyumba yake. Jumamosi iliyofuata Thuo alinunua rangi nyekundu akaenda kumwandikia upya. Sikualikwa, nikaenda. Mama alichora herufi kwa chaki, Thuo akazijaza kwa brashi, moja baada ya nyingine, akiuliza kila moja inaitwaje. "Hii?" "Hiyo ni H." "Na hii?" Mama alimjibu kwa subira ya mtu aliyezoea kushika mikono ya wagonjwa. Mimi nilikoroga rangi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mkewe Wangu ameniambia kwamba siku hizi mzee akishakamua hukaa jikoni na binti yao Kui, na daftari la mistari mipana. Analala juu ya daftari. Bega linamuuma, macho yanamtoka machozi, lakini haachi.

Juzi tuliitwa ofisi moja mpya kule barabara ya Argwings Kodhek. Mwenyewe alikuwa akiona aibu wateja waje wakute maneno yaliyoandikwa kwenye ukuta wa kando. Jua lilikuwa la saa sita, lami inanuka. Thuo alishusha ndoo, akasimama mbali kidogo. Nikajiandaa, kwa mazoea. Hakugeuka. Aliinua kidole akaanza, midomo ikicheza.

"U. Si. Usi." Akavuta pumzi. "Ko. Usi-ko..."

Mlinzi wa geti alianza kucheka, nikamkazia macho akanyamaza. Mzee alifika kwenye jo, akapotea, akarudi mwanzo. Jasho lilimshuka shingoni. Dakika zilipita, maji kwenye ndoo yakapata moto, na mimi nilikuwa nimeshasoma ukuta mzima tangu tuko ng'ambo ya barabara.

"Usikojoe, Baba Kui," nikasema. "Inasema usikojoe hapa."

"Sijakuuliza," Thuo alisema, na akarudi kwenye U.

Nikashika ngazi, nikangoja.