Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Fundi mitambo wa maabara yetu hapa mjini Hsinchu hubetua midomo akisikia harufu ya ubani wa hekaluni. Lakini juu ya mashine yake ya leza ameweka pakiti ya vitafunwa, ati mashine isigome. Sharti iwe ya kijani, kama taa inayoruhusu magari, na isiwe imepitwa na tarehe. Kila asubuhi huinyoosha kwa vidole viwili, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati la shule.

Jana mkuu wetu, Profesa Liao, alichoka nayo. "Ushirikina gani huu, bibie? Leo naitoa!"

"Itoe. Miaka sita pakiti haijakosekana hapo, na mashine haijagoma. Wewe umejuaje jua litachomoza kesho, si kwa kuwa lilichomoza jana?"

Profesa akaishika pakiti, akaigeuza, akasoma tarehe.

"Inakwisha Ijumaa," akanong'ona. "Nyingine umeshanunua?"