Maksai wa Mjomba

Kazi nyingi niliziacha mara tu nilipozielewa. Nilipaka rangi milango mtaani Baba Dogo, nikabeba magunia, nikashona viatu. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita. Lakini kazi ya bucha pale Mbotela ilinishika miaka, kwa sababu ya mizani.

Mwenye bucha alikuwa mama mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi Jogoo Road. Mimi ndiye niliyekwenda kichinjioni kumchagulia ng'ombe. Huko kulikuwa na mizani mbili. Moja ilikuwa langoni, ng'ombe akipimwa akiwa hai. Ya pili ilikuwa ndani, ya kupimia nyama ikishaning'inizwa bila kichwa, ngozi, kwato wala matumbo. Ng'ombe aliingia na uzito mmoja akatoka na mwingine kabisa, nami nikataka kujua zile kilo zingine zimekwenda wapi. Nikaanza kukisia kabla sindano haijatulia. Nikipatia, wachinjaji walinipigia makofi. Nikikosea, waliniita profesa.

Polepole nikajua. Ng'ombe mwepesi, aliyekonda, anakupa mifupa. Akinenepa, nyama inaongezeka na kulainika. Akipitiliza, unakata mafuta ambayo wateja wanayasukuma pembeni. Tena yuko yule mzito wa umbo tu: mifupa minene na tumbo lililojaa maji na nyasi.

Basi mama akawa anaozesha binti yake. Wakwe walikuwa wanatoka Nyeri, na hofu ya mama ilikuwa moja, aliyoitaja kila alipoinua panga: "Mwenye bucha alishe wakwe nyama ngumu? Mimi nitahama Mbotela!"

Nilikuwa nimemchagua fahali mdogo, mfupi, wa mviringo, mapaja yamejaa. Ukimbonyeza nyuma ya mbavu, vidole vilizama kidogo. Siku mbili kabla ya harusi, tukiwa langoni mwa kichinjio mimi na mama, akatokea kaka yake mkubwa, mjomba wa bibi harusi, akivuta zawadi yake: maksai mrefu kama ukuta, aliyelima shamba lake miaka na miaka.

"Hako ka-mbuzi ni ka nani?" akauliza, akimtazama fahali wangu.

"Ndiye wa harusi, mzee," nikasema.

"Wewe kijana, uliacha shule hata hujafika darasa la saba, leo unanifundisha ng'ombe? Mimi nimezaliwa zizini!"

Mama alinitazama, akamtazama kaka yake. Zawadi ya mjomba hairudishwi nyumbani. "Wachinjwe wote wawili," akasema. "Wa kuchoma tutamjua baadaye."

Langoni, maksai alimzidi fahali kwa zaidi ya kilo mia. Mjomba alicheka hadi kofia ikamwanguka. Mchinjaji akasoma bismillahi, kazi ikaanza. Tumbo la maksai lilipotoka, wanaume wawili walilivuta sakafuni wakihema. Zikaning'inizwa nyama zote mbili, nami nikakisia kwa sauti: tofauti haifiki kilo ishirini.

Haikufika. Mjomba aliizunguka mizani kama fundi.

"Imeharibika hii."

"Ning'inia wewe basi tuone!" dada yake akamwambia. Kichinjio kizima kikaangua kicheko.

Nikakata kipande cha kila mmoja, nikavichoma kwenye jiko la walinzi. Cha fahali kilikwisha mdomoni hata hatujakisifu. Cha maksai mjomba alikitafuna, akakihamisha shavu la pili, akatafuna tena, machozi yakamlenga. Mama hakucheka safari hii. Aliona kaka yake ameinamisha kichwa.

"Mzee," nikasema, "fahali wangu hawezi kutoa supu. Bado mtoto. Mifupa ya huyu maksai, ikichemka tangu alfajiri, Mbotela nzima itasikia harufu. Na matumbo yale, nani ana matumbo kama yale?"

Mjomba akavaa kofia yake. "Sufuria nitaisimamia mwenyewe."

Akaisimamia kweli, Jumamosi, amekunja mikono ya koti la suti. Waliofunga mahema walikunywa supu, wanakwaya wakanywa, majirani wakaja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye moto na mbavu za fahali. Wakwe walikula kimya, kile kimya kizuri, mpaka baba wa bwana harusi akafuta vidole na kuuliza:

"Nyama laini namna hii imetoka kwa nani?"

Mama akamwachia kaka yake jibu. Mjomba alinitupia jicho, akakohoa.

"Hiyo ni ya dada yangu," akasema. "Yangu ni supu. Lete kikombe."

Mkwe akanywa, akapuliza, akanywa tena hadi chini. Kisha akanyoosha kikombe kitupu, na mjomba, mwenye upawa mkononi, akakijaza mpaka kikamwagika.