Teki ya Saba

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chochote. Fundi Mkuu, mtu mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi nyuma ya kichwa, alinionyesha kiti nyuma ya kioo cha studio akaniamuru nikae kimya hadi jioni. Upande wa pili wa kioo bendi ilikuwa ikipiga wimbo uleule tangu asubuhi. Walipoondoka, aliniuliza mpiga ngoma alichelewa mara ngapi. Nikasema sijui. "Basi kesho urudi ukae tena," akasema. Nilikaa hivyo wiki nzima, nikihisi nimedanganywa, maana kule Machakos nilikuwa nimewaaga watu kwamba naenda Nairobi kuendesha mitambo.

Nawaandikia nyinyi mnaorekodi kwa simu mkiwa mmelala kitandani. Siwacheki, nyimbo zenu nyingine ni nzuri. Ila mjue kazi hii ilifanywaje. Studio yetu ilikuwa ghorofa ya pili, upande wa chini wa mji, juu ya duka la vitambaa. Sauti iliingia kwenye maiki, ikapita kwenye waya mpaka kwenye mashine, ikaandikwa kwenye utepe wa rangi ya kahawia uliozungushwa kwenye rili pana kama sahani ya wali. Kila asubuhi nilisafisha vichwa vya mashine, yaani vile vyuma vidogo vinavyoguswa na utepe ukipita, kwa pamba na spiriti. Ukiacha uchafu, mwimbaji anasikika kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Mkikosea katikati ya wimbo mlianza upya. Kila mara mliyopiga tangu mwanzo iliitwa teki, nami niliandika juu ya boksi la rili, kwa penseli nyekundu, teki ya ngapi ndiyo nzuri.

Utepe ulitoka ng'ambo na haukupatikana kirahisi, kwa hiyo rili isiyohitajika tena ilifutwa ili itumike upya. Tulikuwa na sumaku ya kufutia, nzito, yenye mpini kama wa pasi. Ukiizungusha juu ya rili mara chache, kila kilichokuwamo kinatoka, na wala huoni kikitoka. Utepe unabaki na rangi yake, uzito wake, kila kitu. Mwaka wangu wa tatu Fundi Mkuu alinikabidhi sumaku hiyo, akanishika mkono kabla ya kuiachilia. "Mutua," akasema, "usifute kitu hujakisikiliza mpaka mwisho."

Odera na mkewe Auma walikuja msimu wa mvua. Walitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Silanga, gitaa likiwa limevikwa gunia la unga lisilowe. Odera alikuwa mtu wa mjengo, mikono yake ina saruji kwenye kucha, lakini akishika nyuzi huwezi kuamini ni mikono ileile. Wimbo wao ulikuwa wa kwao kule ziwani: mama anamwita mtoto arudi nyumbani kabla mvua haijamkuta njiani. Odera alianza peke yake, kisha gitaa likabaki peke yake kidogo, ndipo Auma akaingia na sauti ya pili, chini ya ile ya mumewe.

Teki ya kwanza Auma aliingia mapema, wakaangua kicheko wote wawili. Nyingine zikaharibika kwa hili na lile. Kila walipomaliza, Odera alikuja kwenye kioo akauliza, "Hiyo ni ya ngapi?" Nami nikamwonyesha kwa vidole. Ya saba ilipokwisha, Fundi Mkuu alivua miwani akaiweka mezani. Kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake, nilimwona akifanya hivyo mara mbili tu.

Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni, na kuna kitu nilichosikia ambacho hakuna mwingine aliyekisikia, hata Odera aliyesimama hatua mbili kutoka kwa mkewe. Kabla ya kuingia, Auma alivuta pumzi fupi, akaizuia, kisha akaunguruma ndani kwa ndani, chini kabisa, akiitafuta noti yake. Alifanya hivyo kila teki, kisha ndiyo akafungua mdomo.

Wimbo wao haukutoka kwenye sahani ya santuri mara moja. Meneja wa studio alitaka kwanza upatikane wimbo wa upande wa pili wa sahani, na rili ikangoja kwenye rafu. Katika kungoja huko paa likavuja, maboksi kadhaa yakalowa, maandishi yangu mekundu yakayeyuka. Jumamosi moja kwaya ilikuwa imejaa ukumbini na Meneja akataka rili ya kufuta mara moja. Nami nilikuwa na haraka zangu, siku hiyo nilikuwa naenda kuonana na wakwe. Nikachukua rili moja isiyosomeka, nikaitia kwenye mashine, nikasikiliza mwanzo wake. Mwanamke aliingia mapema, watu wakacheka. Nikasema moyoni, haya ni mazoezi. Nikashika sumaku.

Jumatatu nilipopanga rafu ndipo nilipogundua. Nilitafuta boksi baada ya boksi, na wimbo wa Odera haukuwepo popote. Nikaikumbuka ile sauti iliyoingia mapema. Dakika kama ishirini mbele ya kicheko kile ilikuwepo teki ya saba.

Sikumwambia mtu. Fundi Mkuu aliponiuliza nilisema labda Meneja aliihamisha. Odera alipokuja nilimwambia bado inatafutwa. Akaja tena, na tena, kila mara kwa miguu, nami nikampa jibu lilelile mpaka likawa jepesi mdomoni. Mara ya mwisho alikuja bila gitaa. Alikuwa amebeba mtoto mchanga wa kike kifuani, akaniambia Auma amefariki. Hakutaka tena sahani. Alitaka kuusikia mara moja tu, hapo hapo, halafu aende. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina kazi nzuri na ndoa mpya, nikaogopa kuvipoteza. "Bado tunatafuta," nikamwambia. Hakurudi tena.

Maisha ya kazi yaliendelea, kama yanavyoendelea. Studio ilifungwa, nikahamia kwa watu waliotoa nakala za kaseti, chini ya Meneja wa Uzalishaji ambaye hakuwahi kusikiliza wimbo mmoja, yeye alisikiliza tu iwapo mashine zinazunguka. Kaseti nazo zikafa. Nikawa Mkuu wa Vyombo kwenye kanisa moja kubwa, nikigombana na wachungaji wanaomeza maiki. Popote nilipokwenda niliwafundisha wasaidizi wangu wasifute kitu hawajakisikiliza mpaka mwisho, wakaniona mzee mwenye msimamo. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba, wakanisifu kwa uangalifu wangu. Nililia, wakadhani ni kwa furaha.

Sasa naishi Kawangware. Mapema mwaka huu nilikuwa natoka sokoni na sukuma wiki zangu nikasikia gitaa karibu na wauza viatu. Miguu ilisimama kabla sijajua kwa nini. Mzee mmoja mwembamba alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, anaimba kuhusu mtoto na mvua. Alipofika mahali pa sauti ya pili alinyamaza. Gitaa liliendelea, yeye akangoja kipande kizima kikapita kitupu, kisha akaendelea na sehemu yake. Wapita njia walifikiri amesahau maneno.

Siku hiyo nilirudi nyumbani. Na ya pili vilevile. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikaketi karibu naye, nikamuuliza mbona anaacha pale katikati.

"Hapo si pangu, ni pa mke wangu," akasema. "Tulirekodi hii ngoma zamani, huko town. Mimi huipiga hapa kwa vile watu ni wengi. Labda iko siku atapita mtu wa hiyo studio, aniambie tepu yangu ilienda wapi. Msichana wangu hajawahi sikia sauti ya mamake."

Hakunitambua. Ningeweza kuondoka, na nakiri nilipima njia kwa macho. Kisha nikamwambia jina langu na kwamba nilikuwa yule kijana wa nyuma ya kioo. Uso wake ukafunguka, akanishika goti, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote niliopata kuuona. Nikamweleza yote: paa, kwaya, sumaku, wakwe. Nikamwambia kwamba siku alipokuja na mtoto kifuani, rili ilikuwa imeshafutwa muda mrefu.

Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Kwa hivyo hiyo miaka yote ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia tu siku ile. Ningelia mara moja, iishe."

Akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akachukua kreti lake, akaenda.

Wiki mbili hakuonekana pale sokoni. Nilikosa usingizi na hamu ya chakula. Mwishowe nikaona kwamba kuna mtu mwingine niliyemnyima kitu, na huyo sijamwomba radhi. Nikaenda Silanga, nikaulizia nyumba ya Odera mpiga gitaa kwa wauza makaa, nikaelekezwa karibu na mashamba ya kando ya bwawa. Binti yake Atieno, mama mzima sasa, alikuwa akifunga mafungu ya mboga mbele ya mlango. Odera alikuwa ndani kidogo, kwenye kivuli. Aliniona na hakusema neno.

Nikamweleza Atieno nilikuja kufanya nini. Alinisikiliza mikono yake ikiendelea na kazi.

"Hiyo siku ya kurekodi," akauliza, "ulimsikia mara ngapi?"

"Mara saba. Kwa hedifoni."

"Na unakumbuka?"

Nilimwambia kwamba sijapata kusahau. Ni kweli. Nimesikiliza maelfu ya nyimbo, na nyingi zimenitoka, lakini wimbo ule niliofuta ndio nilioubeba wote.

"Basi imba, mzee," akasema.

Mimi si mwimbaji. Maisha yangu yote nimekaa upande wa pili wa kioo, na sauti yangu ni ya kuita mbuzi. Nikaomba maji, nikanywa, nikaimba sehemu ya Auma kwa maneno ya Kijaluo ambayo hata sijui yote maana yake. Nikakwama. Kutoka ndani Odera akasema, "Hapo huwa inashuka," mara ya kwanza kufungua mdomo tangu nifike. Nikashusha. Nikarudia mara nyingi, hadi Atieno akaacha mboga zake na kuanza kunifuata polepole.

Ndipo nikamwonyesha kile ambacho baba yake hakuwahi kukisikia. Nilimwambia mama yake hakuingia tu. Alivuta pumzi fupi, akaizuia, akaitafuta noti chini kabisa, halafu akaingia. Atieno akajaribu. Odera alinyanyua kichwa akanitazama, akauliza kama kweli alikuwa akifanya hivyo. Nikamwambia kila mara, bila kukosa.

Akalitoa gitaa mfukoni.

Vijana wangu, nimestaafu bila kuacha kitu cha kuonyesha watu. Mashine zangu ziliuzwa kama vyuma chakavu na kaseti zimejaa vumbi. Odera hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Nilichofanya siku hiyo ni kazi niliyopewa siku ya kwanza. Niliketi kwenye kigoda mlangoni, nikanyamaza, nikasikiliza. Odera aliimba peke yake. Gitaa likabaki peke yake. Nikasikia ile pumzi fupi, ukimya, mngurumo mdogo, kisha Atieno akaingia, na pale palipokuwa patupu pakajaa.

Nilisikiliza mpaka uzi wa mwisho ukatulia. Odera akafuta uso kwa mkono wa shati, akanigeukia.

"Hiyo ni ya ngapi?" akauliza.

"Ya nane," nikamwambia, na nikainua vidole aone.