Pensheni Isiyokuwa Yangu

Mimi sijawahi kuajiriwa wala kula mshahara wa mtu. Nianze na hilo, maana ndilo lililoniuma kuliko yote. Shule niliachia darasa la pili. Nikachoma mkaa, nikabeba magunia stesheni ya Mpanda, nikauza samaki wakavu, mpaka nikanunua mashine ya kusaga kwa pesa yangu mwenyewe. Ukiisikia ikinguruma upande wa sokoni, ujue ni yangu. Mahindi ya Katumba yanapita kwangu. Ndugu walionicheka wanapanga foleni na debe zao kama watu wengine.

Basi mtu kama mimi, siku moja nikaitwa mstaafu.

Mama mkwe wangu alipika chakula cha wagonjwa hospitali ya serikali kule Tabora hadi uzee ukamkuta. Alipostaafu akarudi Litapunga, miguu imevimba, hawezi kupanda gari. Akatia dole gumba kwenye barua kwamba pensheni yake nichukue mimi. Kila mwezi nilikwenda bomani, nikasaini, nikafunga pesa kwenye kitambaa, nikampa mke wangu ampelekee. Mimi mwenyewe sikuweza kumpelekea. Kwetu mkwe wa kike humkaribii, ukimwona njiani unapinda porini, na jina lake hulitaji. Tangu nioe, zaidi ya miaka ishirini, jina lile halijapita mdomoni mwangu, hata siku nilizolewa.

Ndipo ikaja fomu ya kodi ya mapato. Nilimpelekea yule mwandishi wa barua anayekaa na taipu yake barazani karibu na boma. Akauliza mapato ya mashine, nikamwambia. Akauliza kama kuna pesa nyingine ninayopokea serikalini.

"Ipo pensheni," nikasema. "Ya mkwe wangu."

"Jina lake nani?"

Nikaiangalia taipu yake.

"Bwana mkubwa, nimekuuliza jina."

"Huyo hatajwi."

Akacheka, akajikuna shingo. "Haya. Anayezisaini pale dirishani nani?"

"Mimi."

"Basi tuandike wewe, yaishe."

Nikamwambia andika. Sikumwambia anisomee. Nilichukua kalamu nikaweka sahihi yangu ile kubwa yenye mkia, watu wakiangalia. Kosa hilo ni langu na sikatai. Lakini mwandishi yule alikula hela yangu, na kichwa chake kina elimu. Alishindwaje kuandika "mkwe"?

Barua ilirudi wakati watu wanahamishiwa vijijini, kila ofisi ina haraka na kila karani ni mkali. Ilisema pensheni imeongezwa kwenye mapato yangu, na kodi imepanda. Nisipolipa, sipati hati ya kodi. Bila hati hakuna leseni, na leseni ya mashine ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi huohuo. Mashine yangu ifungwe kwa ajili ya pesa ambayo sijawahi kununulia hata kiberiti!

Nikaenda bomani na kitabu cha pensheni mkononi. Afisa wa kodi alikuwa kijana, mgeni wa huku, shati limenyooshwa mpaka linakata. Alisoma faili, akaniangalia juu hadi chini.

"Mzee, pole na uzee. Umestaafu kazi gani?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, na unga umenijaa mikononi.

"Sijastaafu kitu," nikamwambia. "Mimi sijaajiriwa hata siku moja. Waulize hawa."

"Fomu inasema unalipwa pensheni. Sahihi si yako hii?"

"Yangu. Pesa si yangu. Ni ya mama yake mke wangu. Kitabu hicho hapo, jina limeandikwa."

"Kitabu nakiona. Na mimi naona anayesaini ni wewe. Utamke hapa, nami niandike: pensheni hii ni ya fulani. Halafu tunasahihisha."

"Nitamleta mke wangu aseme."

"Fomu ni ya mke wako?"

"Kijana, jina lile kwetu halitajwi na mkwe."

Akaweka kalamu chini. "Kwenu mnaogopa majina, lakini kukwepa kodi hamuogopi. Nyie wenye mashine ndio mlivyo. Aliyeko nyuma!"

Nawaambieni ukweli. Kama si meza ile, ningemshika shati lake lile. Nilikuwa nimelipa kodi kila mwaka, wakati wenye maduka wakubwa kuliko mimi wanaficha bidhaa chini ya vitanda. Nikawa nageuka niondoke. Nikafikiria injini imenyamaza, na mlango una kufuli la serikali. Nikarudi mezani. Nikalitaja.

Sikunong'ona. Nililitaja lote, la ubatizo na la baba yake, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Benchi lote likageuka kunitazama. Mama mmoja akajiziba uso kwa kanga.

Yule kijana akaandika. "Ona sasa," akasema, "si kitu rahisi tu?" Akaifuta pensheni kwa mstari mwekundu, akagonga muhuri. Leseni niliipata siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi.

Habari ilifika Litapunga kabla ya mke wangu kupeleka pesa ya mwezi. Aliporudi hakuketi.

"Mama amelia," akasema. "Anasema tangu aolewe hajadharauliwa hivyo. Wazee wake wanataka mbuzi wa faini."

"Umemweleza mambo ya leseni?"

"Nimemweleza. Anasema leseni haijui. Na pensheni usimchukulie tena, wala watoto wetu wasiende kwake."

Nilipeleka mbuzi wawili, maana mimi si mtu wa kutoa mmoja, na shuka mpya juu yake. Walipokea. Mama mkwe alikubali wajukuu wake waende kwake tena. Lakini pesa yake sasa anaifuata mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya jirani, miguu ile imevimba, na mimi nikimwona anakuja napinda nyuma ya maduka.

Mbuzi nilitoa mimi. Yule kijana wa kodi hakutoa hata kuku.